Maswali ya Wasomaji: Asali yangu inawaka mpaka vilele vya Raman havionekani, nifanyeje?

Kwa wiki kadhaa sasa meseji zenu kuhusu mashine za Raman (unamulika sampuli kwa leza, mwanga unaorudi unachorwa kama grafu iitwayo spektra, na kila molekuli ina vilele vyake humo) zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja, floresensi, yaani ule mwanga ambao sampuli inautoa yenyewe ikishamulikwa na leza mpaka unafunika vilele unavyovitafuta. Kuijua sampuli ni kitu gani bado unaweza ukabahatisha hata spektra ikiwa chafu, ila kupima *kiasi gani* kimo humo ndani ndiyo inakuwa kazi. Nimeyaunganisha maswali yanayofanana, nimefupisha mengine, naomba mnisamehe kama swali lako limekatwa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili masters, napima fruktozi na glukozi kwenye asali ya miombo kutoka Tabora na Sikonge. Chuoni tuna Raman ya leza ya nanomita 532. Asali nyepesi nyepesi inatoa vilele kidogo, ila hii nyeusi spektra inapanda kama mlima, hakuna kitu. Nimetumia programu kukata besilaini (ule mstari wa chini ambao vilele vimesimama juu yake) nikapata vilele vizuri tu kwa macho, lakini nikipima chupa hiyohiyo mara tano napata majibu matano. Msimamizi anasema nitafute programu nyingine. Je ni kweli? *(Mwanafunzi, Morogoro)*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwa heshima zote kwa msimamizi wako, shida haiko kwenye programu, ukibadilisha programu kumi utapata majibu hamsini.

Iko hivi. Mwanga wa Raman ni haba mno, tangu C. V. Raman na K. S. Krishnan wauone kule Calcutta mwaka 1928 hali haijabadilika, kati ya fotoni milioni kumi zinazotawanywa na sampuli labda moja ndo inabeba habari ya molekuli zako. Floresensi haina uhaba huo. Asali nyeusi imejaa polifenoli, vitu vya rangi vinavyotoka kwenye maua na chavua, na zile bidhaa za sukari kujibizana na protini asali ikikaa muda mrefu au ikipashwa moto, na hivi vyote vinakula mwanga wa kijani vizuri sana halafu vinautema ukiwa umetawanyika kwenye eneo lote la spektra. Kidogo tu cha hivyo kinatosha kuzamisha asilimia 70 ya sukari.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo wengi wanapotelea. Fotoni zinaingia kwenye digitekta kama matone ya mvua kwenye bati, hazina foleni, ukihesabu matone ya dakika hii na ya dakika ijayo hayalingani hata kama mvua ni ileile. Ule utofauti ndiyo kelele, na ukubwa wake ni kipeuo cha pili cha idadi uliyohesabu. Chukua kilele chako kina kaunti 5,000, yaani fotoni zilizohesabiwa. Kama chini yake kuna floresensi ya kaunti 10,000, jumla ni 15,000, kelele yake ni kama 122, kilele kinaizidi kelele mara 41, unapima vizuri kabisa. Sasa weka floresensi ya kaunti 1,000,000 (umejumlisha picha nyingi mpaka zikafika hapo). Kelele inakuwa kama 1,000. Kilele ni kilekile 5,000, ila sasa kinaizidi kelele mara 5 tu, na kwa urefu wa pikseli moja hapo unatarajia majibu yacheze kwa asilimia 20 kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Programu ya besilaini inakuja inaondoa ile milioni moja, na kwa macho inapendeza, mstari umelala chini, vilele vimesimama. Lakini ile 1,000 ya kelele haikuondoka, ipo palepale juu ya kilele chako. Ndiyo majibu yako matano hayo.

Kwa hiyo floresensi inapiganwa kabla mwanga haujafika kwenye digitekta. Ikishahesabiwa imehesabiwa.

Kitu cha kwanza tafuta leza ya nanomita 785. Uliza idara ya fizikia, uliza watu wa madini, uliza chuo cha jirani, omba siku mbili za mashine. Mwanga mwekundu wa mwisho kabisa una nishati ndogo, molekuli nyingi za rangi haziwezi kuumeza, na zisipoumeza haziwezi kung'aa. Kuna gharama, Raman yenyewe inapungua kwa urefu wa wimbi ukipandishwa kipeo cha nne, so kutoka 532 kwenda 785 unapoteza kama mara 4.7, na kutoka 532 kwenda 1064 mara 16. Hilo lisikutishe. Ukipoteza Raman mara 5 na floresensi ikashuka mara 100 umeshinda kwa mbali, rudia hesabu ya matone hapo juu utaona mwenyewe.

Pili, chupa unayopimia. Wengi wanaweka asali kwenye kichupa cha kawaida cha glasi halafu kwa leza ya 785 wanaona kilima kipana kwenye 1300 hadi 1500 hivi (hizi ni namba wimbi, namba za mhimili wa chini wa spektra) wanailaumu asali kumbe ni glasi. Tumia kuvezi (kichupa cha kupimia) ya kwatsi, au weka tone kwenye foili ya alumini iliyobanwa ikanyooka vizuri, foili ya jikoni hii hii, ni rahisi na haina vilele vya kukusumbua. Nilipoteza karibu wiki tatu miaka ya nyuma kwenye maabara moja nikihangaika na kilima cha namna hiyo, mpaka siku tulipopima kichupa kitupu. Tangu siku hiyo chombo kitupu ndo kipimo changu cha kwanza kila asubuhi.

Tatu, asali iliyoganda usiipime ikiwa hivyo. Glukozi ndiyo inayoganda, fruktozi inabaki kwenye maji, ukipiga leza mahali penye chembe utapata glukozi nyingi, ukisogea milimita moja utapata kidogo, na isitoshe kilele cha glukozi iliyoganda hakina umbo sawa na cha iliyoyeyuka. Pasha kwenye maji ya nyuzi 40, usizidishe, subiri iwe laini yote, halafu iache ipoe mpaka joto lilelile kwa sampuli zote ndo upime.

Nne, angalia digitekta isijae. Mashine nyingi ni biti 16, mwisho kaunti 65,535, ikigonga hapo kilele kinakatwa kichwa na hakuna wa kukuambia. Piga sekunde 1 mara 60 badala ya sekunde 60 kwa mkupuo. Mtu atakwambia unaongeza kelele ya kusoma digitekta, ni kweli, ila floresensi ikiwa kubwa hiyo kelele ni kama tone baharini. Faida nyingine, miale ya angani inayogonga digitekta na kuacha mwiba mmoja mrefu utaigundua haraka sababu itakuwa kwenye picha moja tu kati ya 60.

Vilele vyako vikitokea, angalia karibu na 629 kwa fruktozi na 518 kwa glukozi. Viko mbali kidogo na vurugu za kuanzia 1000 kwenda juu ambako kila sukari inataka kukaa.

SWALI: Hivi nikiichanganya asali na maji mengi floresensi si itapungua? *(Msomaji, Singida)*

JIBU: Itapungua ndiyo, na Raman ya sukari nayo itapungua kiasi kilekile, maana vyote viwili umevipunguza kwa maji yaleyale. Uwiano haubadiliki. Hapa watu hudanganyika sababu mstari unashuka kwenye skrini wanadhani wamepata nafuu.

Kuna hali moja tu maji yanasaidia, pale sampuli ni nyeusi mno mpaka inaumeza mwanga wa leza na ule unaorudi kabla haujatoka, hapo ukiipunguza makali mwanga unapita vizuri zaidi na vipimo vinakuwa na mstari ulionyooka. Kwa sababu hiyo mimi huwa naongeza maji kidogo kwenye asali, si kwa ajili ya floresensi.

Mkaa maalum wa maabara ndio unaoweza kubadilisha uwiano wenyewe, maana unanyonya vitu vya rangi unaacha sukari nyingi kwenye maji. Nasema nyingi, sio yote. Kabla hujauamini chukua asali, gawa mara mbili, sehemu moja ongeza glukozi uliyoipima kwa mizani, pitisha zote kwenye mkaa, chuja, pima. Kama uliongeza gramu 5 na unaiona 5 sawa, kama unaiona 4.2 mkaa umekula sukari yako na lazima ujue umekula kiasi gani kila mara.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mfamasia, kiwandani tunajaribu kupima parasetamo kwenye vidonge bila kuviyeyusha. Leza ni 785. Nimegundua nikiacha leza imemulika sehemu moja dakika kadhaa floresensi inashuka yenyewe na vilele vinatoka vizuri. Naweza kuitumia hii kama njia rasmi? Na kuna vidonge vya rangi vina vilele vikubwa sana pale chini mwanzoni ambavyo sivielewi. *(Mfamasia, Dar es Salaam)*

JIBU: Nzuri kaka, hongera kwa kuangalia kwa makini. Ulichokiona ni molekuli zinazong'aa kuchoka, leza inaziharibu moja moja mpaka zinaacha kutoa mwanga. Kwenye vidonge mara nyingi zinatoka kwenye selulosi na uchafu mdogo wa viambata, parasetamo yenyewe ni mtulivu kabisa.

Unaweza kuitumia, lakini kwa kipimo cha kiasi kuna masharti na naomba usiyaruke. Muda wa kuchosha uwe uleule kwa kila kidonge, vya kalibresheni (vile unavyojua kiasi chake, vya kuifundishia modeli) na vya kupima, na nguvu ya leza iwe ileile, maana ukikipa kimoja dakika 2 na kingine dakika 5 besilaini zao hazifanani na modeli yako itaanza kujifunza muda badala ya dawa. Halafu usianze kurekodi wakati mstari bado unashuka kwa kasi, chora kwanza grafu ya floresensi na muda, utaona inaporomoka haraka mwanzoni halafu inakuwa mvivu, rekodi pale kwenye uvivu. Na mwisho hakikisha leza haiunguzi dawa: pima kilele cha 1648 na cha 857 mwanzo na mwisho, uwiano wao ukicheza au kidonge kikapata doa la kahawia punguza nguvu, au panua doa la leza.

Ila tatizo kubwa zaidi ni kwamba leza iliyotulia sehemu moja inaangalia punje chache tu za kidonge. Kidonge hakijachanganyika kama uji. Ukimulika nukta moja kwa dakika 5 umepata spektra nzuri sana ya nukta hiyo, sio ya kidonge. Kizungushe taratibu ili doa litembee kwenye duara, upitishe leza kwenye duara hilo lote kwanza kuchosha, halafu upitishe tena kurekodi. Inachukua muda mrefu zaidi lakini namba itakayotoka inahusu kidonge kizima. Kwa vimiminika ujanja huu wa kuchosha hausaidii sana, molekuli zilizochoka zinaondoka na nyingine mpya zinaingia, labda kama ujazo ni mdogo sana na unakoroga ukiwa unaimulika yote.

Hivyo vilele vikubwa mwanzoni, angalia kama kimoja kipo 144 na vingine karibu na 397, 516 na 639. Kama ndiyo, hiyo ni titani oksidi ya aina ya anataze, ile rangi nyeupe ya ganda la kidonge. Sio floresensi na wala usiikate kama besilaini, ni Raman halali ya kitu kingine. Paruza ganda upande mmoja au anza eneo lako la kupimia baada ya 700. Na kwa kuwa una parasetamo mezani tayari, itumie pia kuhakiki mhimili wa mashine kila asubuhi, vilele vyake ni miongoni mwa vile vya viwango vinavyokubalika kimataifa kwa kazi hiyo.

SWALI: Natumia polinomia kukata besilaini, digrii ya 5, wakati mwingine 7 nikiona haikai vizuri. Rafiki yangu anatumia ile ya miraba midogo isiyo na ulinganifu (asymmetric least squares) na anasema yangu ni ya kizamani. Nani yuko sahihi? *(Mtafiti, Nairobi)*

JIBU: Hakuna wa kizamani hapo. Kilichonishtua ni hilo neno "wakati mwingine". Dada yangu, ukibadilisha digrii kwa kila spektra kwa kuangalia kwa macho, umeweka mkono wako ndani ya kipimo. Sampuli yenye floresensi kubwa inapata 7, ndogo inapata 5, na ile ya 7 inajikunja inaingia chini ya kilele kipana inakula sehemu ya juu yake. Unaishia kuripoti kwamba asali nyeusi ina sukari kidogo, kumbe ni polinomia ilikula. Na ile ya miraba midogo ina vitasa vyake viwili, ulaini na ulinganifu, navyo vikichezewa vinafanya vilevile.

Fanya jaribio hili, halihitaji hela. Chukua spektra safi ya sukari kwenye maji yaliyochujwa, isiyo na floresensi kabisa. Chukua spektra ya floresensi tupu, kwa mfano chai ya rangi iliyochujwa vizuri, au lile umbo la mlima wa asali yako uliolainishwa sana. Kwenye kompyuta jumlisha hizo mbili, floresensi ukiizidisha kwa 1, kwa 3, kwa 10, kwa 30, na uongeze kelele ya kipeuo cha pili inayostahili. Sukari haijabadilika hata kidogo, unajua jibu. Sasa pitisha zote kwenye njia yako ya besilaini na upime eneo la kilele. Njia nzuri inarudisha eneo lilelile kwa zote nne, majibu yanatawanyika zaidi kadiri floresensi inavyokua lakini wastani wao hausogei. Njia mbaya wastani unashuka au unapanda. Chagua vitasa kwa jaribio hili, vifungie hapo, visiguswe tena mpaka kazi iishe. Ukimaliza mtajua wewe na rafiki yako nani yuko sahihi *kwa sampuli zenu*, sampuli za mtu mwingine zinaweza kusema tofauti.

Derivativu (mteremko wa spektra nukta kwa nukta) ya Savitzky na Golay nayo ni nzuri, hii ya tangu 1964, inafuta miteremko yote mipole bila wewe kuchora besilaini, ila inakuza kelele, usiitumie ukiwa na uwiano wa 5. Na kama unapeleka kwenye PLS (modeli ya takwimu inayojifunza kiasi kutoka kwenye spektra nzima), naomba sana, unapohakiki toa chupa nzima ya asali nje ya kalibresheni, usitoe spektra moja kati ya tano za chupa hiyohiyo. Ukitoa spektra moja ndugu zake wanne wamebaki ndani, modeli imeshaiona sura yake, kosa linaonekana dogo na siku ukileta asali ya kijiji kingine inaanguka.

SWALI: Asali mbili nimezipima kwa kromatografia zina fruktozi sawa lakini kwenye Raman ile nyeusi kilele chake ni nusu ya nyeupe hata baada ya kukata besilaini. Mashine mbovu? *(Mwanafunzi, Iringa)*

JIBU: Mashine nzima. Asali nyeusi inameza mwanga, leza inaingia kina kifupi na Raman inayotoka inamezwa njiani. Urefu wa kilele peke yake hauwezi kukupa kiasi.

Dawa ni kuweka kitu cha kulinganishia ndani ya sampuli, kiasi unachokijua, halafu unagawanya. Kitu hicho kiwe na kilele mahali sukari haina kitu, kati ya 1800 na 2700. Wengi hukimbilia asetonitraili sababu ina kilele kizuri cha 2253, lakini kwenye maji yenye sukari nyingi asetonitraili hujitenga ikaelea juu, sukari inaifukuza kwenye maji, na usipokuwa makini hutaiona kwenye kuvezi ndogo. Mimi natumia thayosayaneti ya potasiamu, inayeyuka vizuri, kilele kimoja kikali karibu na 2066. Pima asali kwa mizani, ongeza maji yenye thayosayaneti kwa mizani vilevile, koroga, toa mapovu, pima, gawanya eneo la 629 kwa eneo la 2066. Usiiweke karibu na asidi kali wala jiki, na vaa glavu.

Bado kuna kasoro ndogo, 629 na 2066 ziko mbali, kwa leza ya 785 moja inaangukia karibu nanomita 826 na nyingine karibu 937, na asali haimezi mwanga sawasawa kote kuwili. Kwa eneo hilo la mwanga tofauti huwa ndogo, ila kwa 532 inaweza kuwa kubwa. Hapo tunarudi kwa yule wa Morogoro, leza kwanza.

SWALI: Ushirika wetu wa wafugaji nyuki unafikiria kuchanga tununue Raman ya 1064 tuwakamate wanaochanganya asali na sukari. Muuzaji anasema floresensi kwishnei. Tununue? *(Mwenyekiti wa kikundi, Kigoma)*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, na naheshimu sana mnachotaka kulinda. Naomba msichange bado.

Kuhusu floresensi muuzaji hajakudanganya sana, kwenye 1064 asali nyingi nyeusi hutulia. Lakini mwanga wenyewe ni haba kama nilivyosema, digitekta za silikoni hazioni huko (kilele cha 629 kinaangukia karibu nanomita 1140), inabidi digitekta za indiamu na galiamu ambazo ni ghali na zina kelele zake hata gizani, na sampuli nyeusi inaweza kupata moto. Na leza hiyo jicho halioni kabisa, inaweza kuharibu jicho la mtu kabla hajajua imewaka, lazima miwani maalum na chumba chenye mlango unaofungwa.

Lakini hata spektra ikitoka safi kama kioo, bado kuna swali lenu lenyewe. Mtu akichanganya na sukari ya kawaida ya dukani bila kuipika, hiyo ni sukrozi, na kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kinasema asali ya kawaida isizidi gramu 5 za sukrozi kwa gramu 100, na fruktozi pamoja na glukozi zisipungue 60. Hapo Raman nzuri inaweza kusaidia. Ila akitumia sirapu ambayo imeshavunjwa ikawa fruktozi na glukozi, hizo ni molekuli zilezile zilizomo kwenye asali, vilele vilevile, Raman haina cha kuona. Sirapu ya miwa au mahindi inakamatwa kwa kipimo cha isotopu za kaboni, maana miwa na mahindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na maua mengi ya nyuki wenu na kaboni 13 yake iko juu zaidi. Kipimo hicho kinafanywa na maabara kubwa, mnatuma sampuli na kulipia.

Kwa pesa ya kikundi ningeanza na rifraktomita ya mkononi ya asali, maana maji yakizidi asilimia 20 asali inachacha na hamhitaji mwizi yeyote kuwaharibia. Mzigo mkubwa ukitiliwa shaka, tumeni sampuli ya isotopu. Raman mkae mkiitafutia chuo cha kushirikiana nacho, wao wana mashine na hawana asali za kweli zenye historia inayojulikana, ninyi mnazo mzinga kwa mzinga, hiyo ni mali kubwa kwa mtafiti.

SWALI: Napima mafuta ya nazi. Nimesoma kuna njia ya kutumia leza mbili zinazokaribiana halafu unatoa moja kwenye nyingine, na nyingine ya kufungua digitekta kwa muda mfupi sana. Hizi vipi? *(Mhandisi, Mombasa)*

JIBU: Zote za kweli. Ya kwanza: unapiga kwa 785.0 halafu kwa 785.5, tofauti ya kama 8 kwenye namba wimbi. Vilele vya Raman vinamfuata leza vinasogea, floresensi haijali inabaki palepale, ukitoa moja kwenye nyingine mlima unafutika vinabaki vilele vyenye umbo la kupanda na kushuka. Uzuri wake inafuta pia madoa ya kudumu ya digitekta ambayo polinomia haiwezi. Ila kumbuka mvua kwenye bati, kelele ya spektra zote mbili imebaki na imejumlishwa, so kama floresensi imekuzidi sana haitakuokoa. Nayo floresensi isiwe inachoka katikati, piga leza kwa kupokezana haraka haraka, sio dakika 5 hii halafu dakika 5 ile.

Ya pili inategemea kwamba Raman inatoka papo hapo leza inapogonga, wakati floresensi nyingi zinachelewa kwa nanosekunde kadhaa. Ukiwa na leza ya mapigo mafupi na digitekta inayofunguka kwa pikosekunde mia chache ikafunga, unakusanya Raman kabla floresensi nyingi haijafika. Katika njia zote za leo hii ndiyo naipenda kuliko zote, sababu fotoni za floresensi hazihesabiwi, kwa hiyo na kelele yake haiingii. Bei yake bado kubwa. Kwa unachofanya hapo Mombasa, mafuta ya nazi, sidhani kama unaihitaji, mafuta meupe ya nazi yaliyokamuliwa bila moto hutoa spektra safi kwa 785 ya kawaida, jaribu kwanza na chombo cha kwatsi na taa za chumbani zimezimwa. Zile taa za tubu zina mistari yake mikali, na ikiingia kwenye spektra utaitafutia jina la kemikali wiki nzima.